Nesi wa Kompyuta Nzito

Kitu cha kwanza anachofanya Nesi akiingia sebuleni kwa mtu ni kufunua kitambaa. Akishaitikiwa hodi, anakwenda moja kwa moja kwenye meza ya pembeni, anashika pembe mbili za kitambaa cheupe cha kufuma, anakinyanyua kama anayemfunua mgonjwa shuka, halafu anaweka mgongo wa mkono juu ya boksi la kompyuta.

"Homa hii imeanza lini?"

Mwenye nyumba hucheka. Nesi hacheki.

Huku kwetu, kuanzia Kibiti mpaka ng'ambo ya mto, kompyuta ya nyumbani imerithi heshima ya redio na televisheni: inafunikwa. Kitambaa kimefumwa na bibi harusi au kimeletwa na wifi, kina maua, na kukiweka kabatini ni kama kumdharau aliyekileta. Basi mashine inawashwa ikiwa imefunikwa. Hewa ya moto haina pa kutokea, ndani panachemka, na kompyuta ikichemka inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Mwenye nyumba anabonyeza herufi, anaingoja, anasema imeingiwa na virusi.

"Kirusi chenu hiki hapa," Nesi husema, akikikunja kitambaa mara nne. "Anayefunikwa ni maiti. Aliye hai mwacheni apumue."

Nimemfahamu kwa miaka minane, na katika miaka hiyo sijasikia mtu akimwita kwa jina lake. Alistaafu unesi katika kituo cha afya, na kompyuta alizijulia hukohuko. Mashine za kuwekea kumbukumbu zilipoletwa, wenzake waliziogopa, mafundi walikuja mara moja wakaondoka, akabaki yeye na kitabu cha maelekezo. Alipostaafu, wagonjwa walihamia kwa manesi wapya. Kompyuta zilimfuata nyumbani.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kuuliza, kuhakikisha, kisha kusema. Katika miaka minane hiyo, mitatu niliishi nikijua jambo moja juu ya Nesi ambalo wenye zile nyumba hawakulijua, na sikulisema. Nesi alikuwa ananakili kila kompyuta aliyoitibu. Kabla hajafungua skrubu hata moja, alichomeka diski yake ndogo nyeusi na kuchukua kila kitu: picha, barua, video, mitihani, hesabu za duka. Hakumwomba mtu ruhusa. Lingejulikana, hakuna mlango kati ya Kibiti na Mohoro ambao ungemfungukia tena, na mtu asiyeweza kukaa nyumbani kwake saa mbili mfululizo angekufa kwa kukosa pa kwenda. Hilo ndilo lililoninyima raha kila nilipomwona akipita na mkoba wake.

Mkoba wenyewe ni uleule wa unesi, wa ngozi, umepasuka ukingoni. Ndani mna bisibisi nne, brashi ya kupakia rangi, pamba, spiriti, fleshi zaidi ya kumi zilizofungwa kwa raba, na stetoskopu. Stetoskopu si ya mzaha. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, na ikianza kufa hugonga kwa ndani, kidogo sana, sauti ambayo feni huifunika. Nesi huweka kile kidude cha duara ubavuni mwa boksi, hufumba macho, na sebule nzima hukaa kimya kama inangoja kuambiwa mtoto ni wa kike au wa kiume.

"Moyo mzima," husema. Au: "Huyu anagonga. Leteni fleshi zote mlizonazo, tuhame kabla hajakata roho."

Kabla ya hapo huwa ameshauliza. Ilianza polepole au ghafla? Umeme ulikatika siku hiyo? Nani mwingine anaitumia? Mara ya mwisho ilichomekwa fleshi ya nani? Kwenye swali hilo la mwisho watu wazima hudanganya. Nilikuwapo alipombana mwalimu mmoja wa Kibiti ambaye kompyuta yake ilichukua nusu ya kipindi kuwaka.

"Fleshi ya stesheneri imeingia humu?"

"Hapana, Nesi."

"Sema ukweli, sikupeleki popote."

"Labda mara moja tu."

"Mara moja tu!" Nesi akanigeukia. "Mwandishi, andika. Miaka yote kliniki nimeambiwa mara moja tu, na matumbo yalikuwa yanakua."

Mke wa mwalimu alitoka nje akiwa ameshika kanga mdomoni.

Akishamaliza maswali, anawasha. Hapo hutoa tasbihi. Kuanzia kidole kinapobonyeza swichi hadi picha zote za mezani zinapotokea na mshale kutulia, anahesabu punje, kila punje na subhanallah yake, na mwishoni anatangaza: tasbihi mbili na punje kumi na moja. Anaandika daftarini. Baada ya tiba anahesabu tena. Kompyuta ya mhudumu wa gesti moja ya Ikwiriri iliingia na tasbihi tatu, ikatoka na punje arobaini, na yule bwana akaenda kuwaita majirani waje wahesabu naye. Ustadhi mmoja aliwahi kumuuliza kama inafaa kuipimia mashine kwa dhikri.

"Wewe ustadhi, kompyuta yako ikigoma kuwaka unasema nini?"

Ustadhi alifikiri, akakiri kwamba husema maneno mengine.

"Basi mimi nasema Subhanallah."

Wagonjwa wenyewe hawatofautiani sana. Kuna wenye programu ishirini zinazoamka zote pamoja mashine ikiwashwa, kila moja inataka kunawa kwanza. Hizo anazizima moja moja, akimwambia mwenyewe kila moja ni ya nini. Kuna waliojaza diski kwa video za harusi mpaka mashine haina hata pa kugeukia. Kuna waliosikia antivairasi ni nzuri, wakaweka tatu. "Umeweka walinzi watatu mlango mmoja, wanapekuana wao kwa wao, mwizi anapita." Na karibu na mashine za kukobolea mpunga, Ikwiriri, kuna pumba. Nimemwona akitoa kwenye feni moja pumba ya kujaza kiganja, akamkabidhi mwenye nyumba bila neno, kama daktari anayekuonyesha jiwe alilolitoa kwenye figo yako.

Anaogopa mjusi. Mtu aliyezalisha wanawake wasiohesabika, aliyefunga vidonda nisivyoweza kuvitaja hapa, akifungua boksi akakuta mjusi mkavu amelala juu ya waya anapiga ukelele na kupanda kiti. Mara mbili nimepigiwa simu nitoke Kibiti nikatoe mjusi.

Haelewani na vijana wa mjini wa kupiga windo. Kwao kila ugonjwa una dawa moja: futa yote, weka mfumo upya, mashine inaruka. Ni kweli inaruka. "Hiyo si tiba," Nesi husema. "Huko ni kumzika mtu kwa sababu anakohoa, halafu unamwonyesha baba yake kitanda kilivyo safi." Nilidhani ni maneno ya ushindani wa kazi. Baadaye nilijua kwamba alikuwa akijisema mwenyewe.

Anawahimiza watu wawe na subira, wasibonyeze mara tano tano. Yeye hana subira hata ya chai kupoa. Anasimama, anatembea sebuleni, anasoma kalenda ukutani, anauliza bibi yuko wapi, anakwenda uani kumsalimia bibi, anarudi, anaitazama asilimia kwenye kioo, anatoka tena. Anakuambia uweke nakala tatu za kila kitu, sehemu tatu tofauti, na namba zote za simu za wateja wake ameziandika kwa kalamu nyuma ya mlango wa chumba chake. Anamsema mwenye mashine kama mtoto mtundu, na mashine yenyewe anainong'oneza: pole mama, tunamaliza.

Lile jambo nililigundua kwa habari yangu mwenyewe. Nilikuwa na makala ndefu juu ya wakulima wa bondeni, kazi ya miezi. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta yangu ikawaka bila faili hata moja. Nesi aliichukua. Siku ya pili akairudisha na makala ndani yake.

"Imepona," akasema.

Nikaisoma. Katika aya ya tatu nilikuwa nimekosea jina la kitongoji, na kosa hilo nilikuwa nimelisahihisha wiki tatu kabla ya umeme kukatika. Kwenye makala iliyopona kosa lilikuwapo. Mara ya mwisho Nesi kuigusa mashine yangu ilikuwa mwezi mmoja nyuma, alipokuja kuisafisha.

"Nesi, hii hujaiponya. Hii ulikuwa nayo."

"Umeipata au hujaipata?"

"Nimeipata."

"Basi kunywa maji ulale."

Sikulala. Siku iliyofuata nilikwenda kwake, na kwa kuwa hadanganyi akiulizwa mara mbili, alinieleza. Miaka ya mwanzo alikuwa na haraka kama wale vijana. Kule Nyamisati kulikuwa na muuza boriti ambaye kompyuta yake ilikuwa imekufa ganzi. Nesi alimuuliza kama kuna kitu cha kuokoa. Mzee yule akasema hakuna, ni takataka tu, futa yote. Akafuta. Mashine ikaruka. Baada ya wiki mke wa yule mzee alikuja Kibiti kwa gari, akauliza kwa upole kama zile picha za mtoto bado ziko mahali. Mtoto wao alifariki akiwa na miaka minne. Picha walipigiwa na mgeni, akaziweka humo kwenye kompyuta, na mume hakujua.

"Hakunilaumu," Nesi aliniambia. "Alinishukuru kwa kazi nzuri. Nikampikia wali, akala, akaondoka. Tangu siku hiyo sigusi mashine ya mtu kabla sijachukua kila kilichomo."

"Kwa nini usiwaambie?"

"Nikiwaambia watakataa. Mtu mzima wa afya hakubali kuchomwa sindano. Na wewe unajua kituoni kwetu ilikuwaje: mgonjwa anakwenda nyumbani, faili lake linabaki kwa nesi. Umewahi kumsikia mtu akisema nimemwibia faili?"

"Kituoni mgonjwa anajua faili lipo, Nesi."

Alikwenda dirishani, akarudi. Kisha akauliza: "Utaandika?"

Nilisema sijui. Miaka mitatu nilibaki na jibu hilo. Nilipokwenda kwenye nyumba za watu kuuliza bei ya ufuta, nikiona kompyuta pembeni, nilijua kwamba barua za mwenye nyumba zimelala Kibiti kwenye kabati la mwanamke anayeheshimika, na mwenye nyumba hajui. Nilimsihi aifute ile diski. Alisema atafikiri. Nilimsihi aseme. Alisema atafikiri. Huku akiendelea kunakili.

Kilichomkwamua ni msiba. Ikwiriri kuna mama mmoja mnunuzi wa ufuta, mwanamke wa sauti kubwa na pikapu yake mwenyewe. Nesi alikuwa ameitibu kompyuta yake mwaka uliotangulia. Ilikuwa na kitambaa, pumba na video ya harusi ya binti yake. Mwaka huu mume wa mama yule alifariki. Alikuwa mtu wa kukwepa kamera, na video pekee aliyomo ni hiyo ya harusi, amesimama mlangoni akimkabidhi binti. Siku chache baada ya arobaini diski ikafa. Wakaipeleka mjini, ikarudi na jibu kwamba haisomeki. Mama wa ufuta akanipigia simu mimi kuniuliza kama kuna mtu yeyote, popote, aliyewahi kuiona video ile kwenye simu yake.

Nilikwenda kwa Nesi. Alikuwa ameshasikia. Alisimama katikati ya chumba na ile diski nyeusi mkononi.

"Nikimpa, atajua," akasema. "Na akijua yeye, Ikwiriri yote imejua kabla ya adhuhuri."

"Nikamwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Nipeleke."

Tulifika asubuhi, wanawake wawili walikuwa wanapepeta ufuta uani. Mama wa ufuta alitupokea akiwa bado na nguo za eda.

"Shikamoo, Nesi. Umekuja kuniangalia maskini, mashine yenyewe ndo ishakufa."

"Marahaba. Sikuja kwa mashine." Nesi alitoa fleshi moja kwenye mkoba. "Kuna kompyuta yoyote hapa inayowaka?"

Binti alileta kompyuta mpakato ya kazini kwake. Video ikafunguka. Marehemu alikuwa amesimama mlangoni, kanzu imepanda upande mmoja, anatafuta pa kuweka mikono. Akamshika binti bega. Akasema maneno mawili ambayo ngoma iliyafunika. Mama wa ufuta aliangalia mpaka mwisho, akarudisha, akaangalia tena. Alilia bila kufuta uso. Binti alikuwa ameketi sakafuni.

Kisha mama yule akajifuta, na sauti yake ikarudi.

"Umeipata wapi?"

"Nilichukua nakala siku ile nilipokuja."

"Ya video?"

"Ya kila kitu."

Uani upepetaji ulikoma.

"Na barua zangu za kesi na shemeji zangu?"

"Zimo."

"Umezisoma."

"Sijazisoma."

"Kama hufungui vitu vya watu, ulijuaje kama mume wangu yumo?"

Nilimwangalia Nesi. Alikuwa anaweza kusema lolote.

"Niliposikia msiba niliifungua hiyo moja," alisema. "Nilitaka kujua kama nina cha kukuletea. Nyingine sijafungua. Ila ninazo, na sikukuomba. Na si zako tu. Nina za nyumba zote."

"Nyumba zote!"

"Zote nilizoingia."

Mama wa ufuta alianza kusema. Sitaandika yote. Alimwita mwizi mwenye mkoba. Alimuuliza kama alipokuwa nesi aliwahi pia kuchukua viungo vya watu akavipeleka kwake. Alisema angekuwa kijana wa kupiga windo angekuwa ameshalala polisi. Mmoja wa wale wanawake wa uani alikuja hadi mlangoni, akaambiwa arudi kwenye ufuta. Nesi alisikiliza yote akiwa amesimama, mikono mbele, wala hakusema habari za Nyamisati, ambazo zingeweza kumsaidia. Nilifungua mdomo nizieleze mimi. Alinitazama, nikafunga.

Mwishowe mama yule aliishiwa pumzi. Aligeukia kile kioo ambapo mume wake alikuwa amesimamishwa katikati ya hatua, mkono mmoja hewani.

"Unazo ngapi?"

"Nyumba thelathini na sita."

"Na wanajua?"

"Anajua mwandishi. Sasa unajua wewe."

"Mwandishi!" Akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. "Na wewe ulikaa kimya na kazi yako hiyo?"

Nilisema ndiyo.

"Basi leo kila mmoja anaambiwa kwa mdomo," alisema, "na anapewa chake mkononi, na anayetaka kifutwe kinafutwa mbele yake. Asisikie kwa hao wa ufuta huko nje, maana watakuwa wameshaongeza chumvi." Aliingia ndani, akatoka na ufunguo wa pikapu. Binti akamkumbusha eda.

"Sifanyi biashara wala siendi karamu. Nakwenda kuzuia fitina. Mungu ananiona." Akamwambia Nesi: "Panda mbele. Mimi nikienda kununua ufuta naanza kwa mkulima mgumu kuliko wote, wengine wanakuwa wepesi. Mgumu wako ni nani?"

Nesi alifikiri. "Karani mstaafu wa mahakama. Mohoro."

"Huyo atakupeleka kwa hakimu kabla hujamaliza salamu."

"Najua."

Nilikaa nyuma juu ya magunia matupu. Njia nzima niliwaona kupitia kioo cha nyuma, vichwa viwili vyenye mitandio, hakuna aliyemgeukia mwenzake. Baada ya daraja mama wa ufuta alisema kitu, Nesi akaitikia kwa kichwa. Vumbi lilipoanza nilijifunika uso, na sikuona tena kitu mpaka tuliposimama.

Nyumba ya karani ina baraza pana na mlango wa bluu. Ndani redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Nesi alishuka na ile diski nyeusi mkononi, nje ya mkoba, mahali pa kuonekana. Mama wa ufuta alisimama hatua moja nyuma yake. Mimi nilitoa daftari, nikalirudisha mfukoni, nikalitoa tena.

"Hodi," Nesi akasema.

Redio ilipunguzwa. Viatu vilivutwa sakafuni.

"Nani huyo? Sauti ya Nesi hiyo! Karibu, karibu ndani, mama yangu. Mlango uko wazi."